Begi la Safari Lipimwe Kisarawe, Siyo Kariakoo

Ukikaa pale Mbezi Mwisho asubuhi ukaangalia watu wanaoshuka kwenye daladala, utaona kitu. Kila kijana wa mjini siku hizi ana begi kubwa mgongoni, mikanda inaning'inia kila upande, utadhani anahamia Kongo. Mwombe afungue. Utakuta chaja ya simu, kandambili na chupa ya maji iliyobaki nusu. Huyo hana tatizo. Begi lolote linamfaa, hata mfuko wa rambo ungemfaa kama serikali isingeupiga marufuku mwaka 2019.

Mwenye tatizo ni yule anayebeba kweli.

Nina mshikaji wangu, mzaliwa wa Maneromango huko ndani Kisarawe. Kazi yake ni upagazi Mlima Kilimanjaro. Msimu ukianza anapanda basi la Moshi, msimu ukiisha anarudi nyumbani kwenye mikorosho ya baba yake. Safari ya mwisho mkanda wa begi lake ulikatika katikati ya njia, akamalizia siku amelifunga kwa kamba ya katani kama mtu aliyebeba mbuzi. Alichelewa kambini, na mlimani mpagazi akichelewa maana yake kuna mtu amekosa hema au jiko. Safari iliyofuata majina yakasomwa, la kwake halimo.

Sasa korosho zimeuzwa, ametenga elfu themanini za begi, na Januari kule mlimani ni kiangazi, wageni wanamiminika. Hiyo elfu themanini haina mdogo wake. Akinunua galasa, msimu wake umekwenda na maji. Akaniuliza mimi, eti kwa kuwa naandika magazetini basi najua kila kitu: "Ndugu yangu, ninunue lipi?"

Nikamwambia tusipoteze muda kubishana, tupime. Tukachukua siku mbili, moja Kibaha na moja Kisarawe, tukiwa watu watatu: mimi, yeye, na dada mmoja anayesomea uuguzi, mwembamba na mfupi, ambaye tulimhitaji kwa sababu nitakayoieleza. Watu watatu na mabegi matatu.

La kwanza ni mtumba, tumelitoa Mchikichini, pale Karume, Ilala. Soko lile liliungua Januari 2022, lakini wenyewe wakarudi na meza zao. Muuzaji alianza na laki na ishirini, "Mwanangu hii Mjerumani original," akashuka hadi elfu sabini na tano. Limeandikwa 65+10. Watu wengi hudhani hiyo ni namba ya mwaka au saizi ya mtu. Maana yake ni kwamba begi lina lita 65, na ukiivuta shingo yake juu unaongeza lita 10. Mgongoni, ndani kwa ndani, zimefichwa fito mbili bapa za alumini. Ukimwona mtu ana begi la namna hii lisilolegea hata likiwa tupu, ujue zile fito zipo.

La pili ni kopi. Tumelitoa dukani Kariakoo, jipya, linanukia plastiki, jina kubwa la watu wa milimani limetariziwa mbele. Jina silitaji kwa sababu wenye jina hawajalishona. Limeandikwa lita 80 na lina mifuko tisa, nimeihesabu mwenyewe. Elfu hamsini na tano. Kwa macho tu ndilo begi zuri kuliko yote matatu, na yule dada alilipenda palepale.

La tatu halina jina wala namba, maana limeshonwa Kibaha. Pale Maili Moja kuna fundi mmoja, mzee wa makamo, anayeshona maturubai ya malori na viti vya daladala. Alipata fremu ya nje ya mabomba ya alumini kwa muuza chuma chakavu, ile ya mabegi ya zamani ya Kimarekani, begi lenyewe likiwa limekwisha oza. Yeye akaishonea begi la turubai. Mikanda ya mabegani ametumia nini? Mikanda ya siti za gari lililopata ajali.

"Mkanda huu umetengenezwa kumshika mtu mzima gari likigonga," akatuambia. "Utashindwa na unga wako?"

Alitaka elfu hamsini, akatukopesha kwanza tukajaribu.

Kulikuwa na la nne, lakini tuliliacha nyumbani. Mshikaji alikuja nalo siku ya kwanza, begi la kijeshi la mabakamabaka aliloazimwa. Wazee waliopita jeshini huliita shanta, na kwa ugumu halina mpinzani. Jeshi la Marekani lilikuwa na aina moja iitwayo ALICE, wakaanza kuitumia mwaka 1973, na mpaka leo unaiona duniani kote kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Lakini hapa Bongo mambo ya mabaka usiyacheze. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha sare na vitu vinavyofanana nazo. Umeliona begi zuri mtumbani lina rangi za kombati? Mpe muuzaji salamu zako, uondoke. Hakuna bei nafuu inayofidia kuulizwa maswali kando ya barabara.

Ndani ya kila begi tukatia kilo 15: madumu mawili ya maji ya lita tano tano, na sembe kilo tano. Tukapima kwenye mizani ya muuza chuma chakavu. Kwa nini 15? Wazoefu wa milima husema mzigo wa mgongoni usizidi robo ya uzito wa mbebaji. Mimi nina kilo 62, hesabu hiyo ninaipita vizuri. Dada yetu ana 50, kwake ilikuwa imezidi mpaka, basi tukampunguzia dumu moja kila alipobeba. Akanuna. Akasema wodini anawageuza wagonjwa wenye kilo tisini.

Siku ya kwanza ilikuwa tambarare. Tulianza Maili Moja, tukafuata ukingo wa barabara ya Morogoro, tukapita Picha ya Ndege kwenda Kongowe, malori ya Zambia na Kongo yakitupulizia moshi usoni. Watu wa Kibaha ni waungwana, hawakutucheka sana. Konda mmoja tu alichomoza kichwa dirishani akauliza kama tunakwenda Kigoma kwa miguu.

Swali lake halikuwa la kijinga, ukifikiri. Karne ya kumi na tisa misafara ya kwenda Ujiji ilianzia Bagamoyo, jirani hapo tu, ikavuka mto Ruvu ambao wasafiri wa wakati ule waliuita Kingani. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi kichwani au begani, bila mkanda wa kiuno, bila sponji. Na alikwenda.

Kibaha ina undugu mwingine na mabegi haya, ingawa wenyewe wengi hawaufikirii. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Walitujengea shule, kituo cha afya na mafunzo ya kilimo, na mwaka 1970 wakaukabidhi mradi kwa serikali. Sasa hao Wanorway ndio watu wa begi lenye fremu. Mwenzao mmoja, Ole F. Bergan, aliona mabegi ya wakati wake yananing'inia kama gunia, akabuni fremu inayofuata umbo la mgongo. Hiyo ni miaka ya 1908 na 1909. Hadi leo askari wa Uingereza huita begi lao kubwa "bergen". Mmarekani Dick Kelty alianza kuuza mabegi ya fremu ya alumini mwaka 1952, na mwaka 1967 Mmarekani mwingine, Greg Lowe, akaiingiza fremu ndani ya begi. Yaani la fundi wetu wa Maili Moja ni ukoo wa Kelty, na mtumba wetu ni ukoo wa Lowe. Kopi je? Kopi lina kipande cha plastiki mgongoni, laini kama jalada la daftari. Tulikitoa nje tukakikunja mara mbili.

Tambarare haikuonyesha tofauti kubwa, ila kitu kimoja. Mkanda wa kiuno. Wabongo wengi tunauona urembo, tunaufunga kwa nyuma usitusumbue. Sasa jaribu hivi: begi likiwa zito, kaza mkanda juu ya mfupa wa nyonga, siyo tumboni, halafu legeza kidogo mikanda ya mabegani. Mzigo unahama. Mabega yanapumua, miguu inabeba, na miguu ndiyo yenye nguvu. Mtumba na la fundi yote yalifanya kazi hiyo. Kopi lilikuwa na mkanda mwembamba kama wa suruali, na bizimu yake, kile kidude cha plastiki cha kufungia, ilifyatuka kila tulipovuta pumzi kwa nguvu. Kufika Kongowe mabega yangu yalikuwa yanawaka moto.

Hapo ndipo dada alipotufaa. Begi la mtumba lilikuwa limewekewa mgongo wa mtu mrefu. Kwangu lilikaa sawa, kwake mkanda wa kiuno uliangukia mapajani. Mshikaji akafungua velkro ya mgongoni, akashusha mikanda ya mabegani kwa kiasi cha vidole vinne, akamvika tena. Likamkaa kama la kwake. Mabegi mengi mazuri ya milimani yana kitu hicho na wauzaji wetu hawakijui, ndiyo maana unasikia mtu anasema begi la Kizungu linaumiza. Haliumizi. Limevaliwa na saizi ya mwenyewe wa Munich.

Kesho yake, Kisarawe. Ukiangalia ramani, Kibaha na Kisarawe ni wilaya majirani, zote za Mkoa wa Pwani. Kwa daladala lakini unarudi kwanza Dar es Salaam: Maili Moja hadi Mbezi, Mbezi kwa Malamba Mawili hadi Kinyerezi, ukaibukie Gongo la Mboto, Pugu Kajiungeni, ndiyo Kisarawe. Hapo nako kuna kipimo ambacho Wajerumani hawakukiwaza. Begi la fundi, fremu yake ngumu ilimgonga kila abiria aliyekuwa amesimama, mama mmoja akatuapiza mpaka Kinyerezi. Mtumba ulilala miguuni kama mtoto mtulivu. Kopi lilipakatwa vizuri, tena nyepesi. Na kwa taarifa yako, ndani ya gari lililojaa begi livae kifuani. Mifuko tisa maana yake ni zipu tisa kwa mwenye vidole vyepesi.

Kisarawe ina hewa nyingine. Ukishaiacha Pugu barabara inaanza kupanda, miti inaongezeka, na mji wenyewe umekaa juu kama umejitenga na kelele za Dar. Pembeni ndiyo msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unalipa kiingilio, unapewa wa kukuongoza. Vilima vyake si virefu, havizidi sana mita 300 kutoka usawa wa bahari. Usividharau. Njia zinapanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, udongo mweupe wa kaolini ukilowa unateleza kama sabuni, na joto la chini ya miti ni la bafuni. Yapo mapango ya zamani yaliyochimbwa kaolini ambamo popo wamehamia, lipo na bwawa la Minaki la kupumzikia macho. Kama wewe ni kijana wa Dar na hujawahi kufika huko, ni aibu ndogo. Ni nusu siku tu.

Tulipanda saa tatu asubuhi. Saa nne na robo kopi likafa.

Halikufa kwa kishindo. Tulisikia "tss", kama mtu anachana karatasi, mkanda wa bega la kulia ukaanza kutoka pale unaposhonwa na begi. Mshikaji akalishusha, akaligeuza ndani nje, akatuonyesha. Kwenye mtumba, pale mkanda unapoingia mgongoni, uzi umekwenda na kurudi mara nyingi kwenye sehemu ndogo mpaka umekuwa ukuta. Kwenye kopi ulipita mara moja, ukingo wa kitambaa haukukunjwa, na nyuzi zake zilikuwa zinachomoka kama ndevu. Kitambaa chenyewe hakikuwa kibaya. Hata kibandiko kilisema 600D, na inawezekana ni kweli, maana hiyo D ni hesabu ya unene wa uzi: gramu ngapi kwa mita 9,000. Ila kitambaa kinene kilichoshonwa kwa mshono wa mto wa kochi kitakuacha njiani vilevile. Wanaotengeneza kopi wanajua kwamba mnunuzi anapapasa kitambaa. Hawajaona mnunuzi anayegeuza begi ndani nje.

Kopi tukalifunga kwa shuka, nikalibeba mimi. Tukaendelea.

Sasa ukweli wa joto. Begi la Lowe, yaani lenye fremu ndani, linakukumbatia. Kwenye barafu ya Ulaya nadhani ni raha. Kisarawe saa tano mchana, fulana ya aliyelibeba ilikuwa imelowa chapachapa mgongo mzima, na mikwaruzo ikaanza kiunoni. La fundi lina fremu nje, kuna kitambaa kimoja tu kilichovutwa kati ya mabomba, mgongo hauligusi begi, upepo unapita. Dada alitoka nalo mlimani fulana kavu sehemu kubwa. Akasema, "Hili la kienyeji ndilo langu." Kwa kutembea Pwani, kwa mtu anayekwenda porini na maji yake na hema lake, nami naliunga mkono. Turubai ni zito, lenyewe tupu linaweza kukuzidishia kilo mbili, lakini mvua ya vuli halijali na mwiba halijali.

Nikamgeukia mshikaji nikijua tumemaliza: chukua la fundi, baki na elfu thelathini za nauli.

Akatikisa kichwa. Akaweka begi la fundi mgongoni, akachukua lile la kopi lililofungwa shuka, akalipandisha kichwani. Halikukaa. Mabomba ya fremu yanapanda juu ya mabega mpaka usawa wa masikio, na kila alipojaribu kulisawazisha yalilisukuma mbele. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yake. Mgongoni mpagazi anabeba vitu vyake mwenyewe: blanketi, sweta, chakula. Mzigo wa kampuni, begi la mgeni au mtungi wa gesi, unakwenda kichwani au shingoni. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20, na unapimwa getini. Kwa hiyo begi lake linatakiwa liishie chini ya shingo na lisiyumbe. Tena kule juu hakuna joto la Kisarawe, mgongo kukumbatiwa ni neema.

Akavaa mtumba, akashusha ile shingo ya lita 10, akapandisha mzigo kichwani, akashuka kilima chote cha kaolini mikono mitupu. Wala hakugeuka nyuma.

Basi tukarudi Mchikichini? Hapana, begi alishalilipia. Tulirudi kwa fundi Maili Moja, maana mtumba nao ulikuwa na lake. Ndani, ule utando wa kuzuia maji ulikuwa umeanza kunata kama gundi na kubanduka, na unanuka kidogo. Mitumba mingi iliyokaa sana kwenye unyevu iko hivyo. Muuzaji hatakuambia. Tia mkono mpaka chini kabisa ya begi. Kiganja kikitoka na unga mweupe au kinanata, punguza bei, maana mvua itaingia. Fundi aliusugua wote ukatoka, akashauri vitu vya ndani vitiwe kwenye kiroba kizito, akabadilisha bizimu moja iliyokuwa na ufa. Elfu tatu. Sabini na tano jumlisha tatu, mshikaji amebaki na elfu mbili mfukoni, akatununulia mihogo ya kuchoma.

Kopi fundi alilishona upya mikanda yote miwili kwa uzi wa turubai. Nalitumia mjini kubebea magazeti na kamera, halina shida. La fremu dada amelichukua kwa elfu arobaini, analipa kwa awamu mbili, na Desemba anasema anakwenda nalo Uluguru na wenzake wa chuoni.

Ukitaka na wewe kwenda kwa fundi, nenda na madumu yako mawili ya lita tano. Yeye hana. Na ukiwa dukani usione haya kuomba uyatie ndani ya begi uzunguke nalo hatua mia. Muuzaji akikataa, usibishane naye.